Banda la mpira Langoni, Lamu: kahawa safi, ubishi wa mastraika safi zaidi

Wapenzi wa mpira mkifika Lamu hili banda msilipite. Kiingilio shilingi 50, skrini kubwa, stima ikipotea jenereta yawashwa hapo hapo. Kahawa tamu, viazi karai vyataka pilipili zaidi.

Lakini raha yenyewe ni watu wallahi, juzi mechi imeisha mtu akauliza mbona timu zapeana mastraika wa benchi, basi ikawa vita, watu wa Arsenal wakafufua Januari 2018, Aubameyang katoka Dortmund kaja Arsenal, Giroud akatoka Arsenal akaenda Chelsea, Batshuayi akatolewa Chelsea kwa mkopo kwenda Dortmund, yote siku moja! Waliosema Giroud alikua wa akiba tu wakakumbushwa fainali ya Europa 2019 kule Baku, yeye ndo alofungua mabao, Chelsea 4 Arsenal 1. Mimi nasema straika wa akiba usimpe jirani yako wa London, akiba ndo hushinda vikombe.

Mwenye banda hakutufukuza, katuachia taa mpaka tukamaliza, heshima hiyo sijaiona kwengine. Feni tu aongeze, kaskazi ikitulia mle ndani ni joto balaa.