Pikapu ya Mzigo Tanga: Pedi, Shuu na Sensa za Oksijeni, Pesa Iende Wapi?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena gereji, hapa Ngamiani. Leo kwenye jeki tuna Hilux ya zamani ya petroli, injini ya 2TR, ile ya lita 2.7, na kazi yake ni kushusha machungwa kutoka Muheza. Mwenyewe ana malalamiko mawili. Mbele inasaga chuma kila akikanyaga breki, na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi huku mafuta yakienda kuliko zamani. Spea ziko hapa mezani. Nitafungua boksi moja moja na kuwaambia ipi inastahili pesa yako na ipi uiache dukani.

Tuanze na pedi za mbele, vile vibao vinavyobana diski ya gurudumu ili gari lisimame. Iangalieni hii iliyotoka. Mnakiona hiki kibati kilichopinda? Kimewekwa makusudi: pedi ikikaribia kwisha, kinagusa diski na kupiga mlio mwembamba ili dereva ajue. Huyu aliusikia, akaendelea na safari, na sasa diski imechimbika. Lakini diski haihukumiwi kwa macho. Juu yake umeandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, kwa milimita. Safisha kutu, usome, kisha pima kwa venia, kile kifaa cha kupimia unene. Hii bado ina nyama, kwa hiyo inachongwa. Ingekuwa chini ya kipimo tungenunua mbili, kulia na kushoto, maana ukibadilisha upande mmoja gari litavuta.

Pedi mpya ni za daraja la kati, jina la mtengenezaji liko wazi kwenye boksi na mgongoni mwa pedi. Nimeridhika nazo. Zimeingia kwenye nafasi zake bila kupigwa tupa, mpira wa msuguano umeshika bati lote, hauna ufa. Za bei chee nilizoonyeshwa dukani hazikuwa na jina popote na kingo zake zinamomonyoka ukizikwaruza kwa ukucha. Hizo hapana. Ila sioni sababu ya kukuambia lazima ununue za bei ya juu kabisa kwa gari la kazi kama hili. Pedi ya kati, ikifungwa vizuri, inasimamisha gari.

Kalipa, yaani kile kifaa kinachobana pedi, kwa gari hili linalosukumwa na magurudumu yote manne kila moja ina pistoni nne, mbili kila upande wa diski, na pedi zinatoka kwa kuchomoa pini tu, kalipa inabaki mahali pake. Unaporudisha pistoni ndani, mtu mmoja achungulie kopo la oili ya breki, kwa sababu inapanda, na ikimwagika inakula rangi ya bodi.

Na hiyo oili yenyewe ndugu zangu, hasa sisi wa pwani. Oili ya breki inavuta unyevu kutoka hewani. DOT 3, ambayo ni daraja mojawapo la oili ya breki, ikiwa mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho ni nyuzi 140. Sasa fikiria unashuka kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, umejaza mboga, mguu uko kwenye breki kona baada ya kona. Oili ikichemka, ndani kunakuwa na mvuke, na pedo inazama kama hakuna kitu. Pedi mpya hazitakuokoa hapo. Shuka kwa gia nzito, na ukifungua breki kwa matengenezo makubwa badilisha oili yote. Tunatoa upepo kwenye mabomba ya breki tukianzia gurudumu la mbali zaidi na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedo, yaani nyuma kushoto kwa gari hili la usukani wa kulia.

Haya, twende nyuma. Hapa ndipo nilipotaka mnifuate kwa makini, kwa sababu pikapu nyingi za mzigo mkoani kwetu zina tatizo hili na wenyewe hawajui.

Nimefungua drami, ile ngoma ya breki ya nyuma ambayo shuu huisugua kwa ndani. Shuu za upande huu zimelowa, na ukinusa utajua ni oili ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma. Sili ya ekseli imekufa. Msiioshe shuu iliyolowa kwa petroli mkairudisha, imeshanyonya. Badilisha sili kwanza, ndipo shuu. Kuhusu kubandika laini mpya, yaani ile sehemu inayosugua, kwenye shuu za zamani, mimi naikubali kwa mafundi wanaojua kazi, vichwa vya ribiti vikiwa vimezama vizuri. Fungua upande mmoja, wa pili uache mzima uwe ramani yako ya springi. Na vumbi lile usilipulize kwa kompresa, laini za zamani huenda zina asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Ila kwa nini pedi za mbele za gari hili zinakwisha haraka hivi? Sogeza kamera huku chini, juu ya ekseli. Huu mkono wa chuma umeunganishwa na vali inayogawa nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo. Gari likijaa, mgongo unashuka, mkono unasogea, vali inaruhusu nguvu zaidi nyuma. Sasa tazama springi: mwenyewe ameongezewa majani, vile vibapa vya chuma vya springi, ili gari lisilale. Mzigo umejaa lakini mgongo umebaki juu, kwa hiyo vali inadhani gari ni tupu. Nyuma inapewa kidogo, mbele inabeba kazi yote. Unaweza kununua pedi kila msimu wa machungwa na usipate dawa. Ukiongeza majani, vali hii irekebishwe, na irekebishwe kwa geji za kupimia presha. Kukunja mkono kwa nyundo hadi uonekane sawa ni kucheza na roho za watu.

Sasa sensa za oksijeni, zinazopima oksijeni kwenye moshi ili kompyuta ya injini ipange mafuta. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari imetoa kodi, yaani namba ya hitilafu, P0135, na wengi wakiona hivyo wanakimbilia dukani. Kodi hiyo inasema kuna shida kwenye njia ya umeme wa kipasha joto cha sensa ya mbele. Inaweza kuwa sensa, fyuzi, au waya ulioungua kwenye bomba la moshi. Tumepima waya kwanza, uko salama. Tumepima kipasha joto, kimekatika. Basi sensa ndiyo mgonjwa.

Kwenye sensa sibanii. Nanunua ya mtengenezaji anayejulikana, Denso au NTK, kwa namba ya sehemu, ikiwa na soketi yake. Hii nyingine ya bei nusu inataka ukate waya uunganishe, na hapo kuna jambo: sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya waya. Ukichomelea kwa risasi unaiziba pumzi, inaanza kudanganya kompyuta. Hiyo niliirudisha.

Kuitoa, injini iwe na uvuguvugu, mafuta ya kulegeza kutu yalale kwenye nyuzi za sensa, spana ya 22. Ikikuanguka sakafuni hata kama haina alama usiifunge, ndani ni kauri. Na fundi asipake silikoni ya gasketi karibu na hapo, mvuke wake unaiua.

Tumefunga, tumefuta kodi, tazama mashine: injini ikiwa moto, sensa ya mbele inapanda na kushuka, 0.1 hadi 0.9 ya volti, haraka haraka. Ile iliyo nyuma ya katalisti, kisafisha moshi kilicho kwenye bomba, imetulia karibu na 0.7. Ndivyo inavyotakiwa. Kama kwako ya nyuma inacheza sawasawa na ya mbele, na mashine inatoa P0420, kodi ya katalisti isiyosafisha vizuri, usinunue sensa. Kagua kwanza uvujaji wa bomba la moshi, kisha katalisti yenyewe, na kama injini inakula oili, anzia huko.