Filta ya shawa kwa aliyepandikizwa figo: nyota 4 kati ya 5

Jamani hii filta yenye vitundu vya mikroni 0.2 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) inafungwa mwisho wa shawa, nilimchukulia braza aliyepandikizwa figo maana dawa anazomeza zinashusha kinga ili mwili usiikatae ile figo, sasa bakteria wa Legionella wakiingia mapafuni na yale matone madogo ya shawa hapo ni nimonia ya hatari. Kufunga rahisi, fundi wa nini. Presha inapungua kidogo na bei imechangamka, halafu unabadilisha kila muda ulioandikwa ukiisha, ndo nyota moja imeenda hapo.

Ila filta peke yake haitoshi. Hawa wadudu wanapenda maji vuguvugu, nyuzi 20 mpaka 45 hivi, so tangi la maji moto liwe 60, na bomba lililokaa bila kufunguliwa wanajazana humo. Ndo haohao walioua watu baada ya mkutano wa hotelini Philadelphia 1976. Na mgonjwa akishaanza kukohoa msikubali kipimo cha mkojo tu, kile kinakamata hasa serogrupu 1 (kundi moja tu la hao Legionella), ombeni na makohozi yaoteshwe maabara, maana bila kuwa na wadudu wa mgonjwa mwenyewe utalinganisha vinasaba vya wale wa kwenye maji na nini ujue walitoka shawa, sinki au mashine ya barafu (eeh, barafu!).

Muuzaji anajibu meseji fasta. Ila boksi limeandikwa inaua bakteria wote, acheni hizo, inawazuia kupita tu.