Matembezi ya Mto wa Mbu: nendeni, ila ombeni mwongozaji azungumze Kiswahili

Nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na minne, na Agosti 2022 nilikuwa karani wa sensa. Nilizunguka na kishikwambi nyumba kwa nyumba nikiuliza umri, elimu, choo, mifugo. Kabila sikuuliza mtu, kwa sababu swali hilo halimo kwenye dodoso. Sensa ya mwisho Tanzania kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Kwa hiyo nilipoona bango la matembezi ya kitalii linasema mji wa Mto wa Mbu una makabila 120, nilijiuliza aliyehesabu ni nani, na nikataka kwenda kuona mwenyewe. Binti yangu wa darasa la tano naye alikuwa ananisumbua na swali lake: "Mama, sisi ni kabila gani?" Baba yake ni Mpare wa Same. Mimi baba yangu Mrangi wa Kondoa, mama yangu Msambaa wa Lushoto. Jibu fupi sina.

Tulikwenda watano: mimi, mume wangu, watoto wawili na wifi yangu. Kutoka Arusha unashika barabara ya Dodoma hadi Makuyuni, unakata kulia, kilomita kama 37 umefika. Mji umekaa chini kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa, jirani na lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara. Wengi wetu tunaupita tu kwenda Karatu, tunanunua ndizi dirishani na kuendelea. Nawaambia tumekosa mengi.

Nianze na lililoniudhi nilimalize. Ofisi ya kwanza ya matembezi tuliyoingia walitutajia bei kwa dola, na kijana akaanza kutueleza kwa Kiingereza huku anatusikia tunasemezana Kiswahili. Tulipoomba bei ya Watanzania alisema hawana. Tukatoka. Ofisi ya pili walitupokea vizuri, wakatupa bei ya shilingi tuliyoimudu, chakula ndani yake, na mwongozaji wa kwetu. Kwa hiyo ulizeni kabla hamjatoa pesa, na msione haya kuondoka. Mji wenye watu wa kila pembe ya nchi hii, wanaoelewana kwa Kiswahili tu, halafu mgeni Mtanzania aelezwe kwa Kiingereza! Hilo waendeshaji walirekebishe.

Mwongozaji wetu ni Mmbugwe, watu wa upande wa pili wa ziwa kule Magugu, na mama yake ni Mwiraqw, ambao wengi tumezoea kuwaita Wambulu. Nilimuuliza kuhusu hiyo 120. Alijibu kwa uungwana kwamba ni namba aliyoikuta, na kwamba hiyo ndiyo namba watu wanayoitaja kwa makabila ya Tanzania nzima. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Binti yangu akafungua daftari akasema yeye ataandika wale tu tutakaokutana nao, kila mtu aulizwe kwa adabu. Mpaka tunamaliza, saa nne na ushee baadaye, alikuwa na makabila 17. Kwa kutembea mtaa wa Majengo, Migombani na pembezoni mwa mashamba tu! Mimi hayo 17 niliyoyashuhudia yananitosha kuliko 120 ya kwenye bango.

Jambo ambalo matembezi haya yanalifanya vizuri ni kukuonyesha *kwa nini* watu wako pale. Jibu ni maji. Vijito vinashuka kutoka ukutani mwa bonde, watu wamevichimbia mifereji, na mifereji inalisha mpunga na migomba katikati ya nchi kavu. Tulisimama kwenye tuta na mzee mmoja Mnyiramba akituonyesha anavyofungua maji: anaondoa bonge la udongo na majani kwa jembe, anasubiri jaruba lijae hadi kwenye alama ya kijiti, anarudisha bonge palepale. Zamu yake ya maji ilikuwa inaisha saa tano, na jirani anayempokea ni Mchaga. Alisema baba yake alikuja kutoka Singida miaka ya 1950 kutafuta kibarua, wakati kilimo cha umwagiliaji kinapanuka, akapata kipande cha shamba, akamwita mdogo wake, mdogo wake akaja na mke. Hivyo ndivyo mji ulivyojaa, ndugu akimwita ndugu. Niliandika maneno yake mkononi maana daftari lilikuwa na mtoto.

Msisahau kwamba ardhi hii ilikuwa malisho ya Wamaasai kabla ya mpunga. Mwongozaji alilisema wazi, bila kuzunguka, kwamba mashamba na ng'ombe bado vinagombea maji wakati wa kiangazi. Nashukuru hakulificha. Ziara nyingi hukuonyesha Mmaasai akiruka ukampige picha, basi. Sisi ngoma za boma tulikataa, tukaenda sokoni, na huko tukawakuta Wamaasai wakiwa kazini: wanaume na mbuzi, akina mama na shanga na maziwa. Wifi yangu alimwamkia bibi mmoja "Takwenya", akajibiwa "Iko" na kushikwa mkono hadi tukaagana. Wairaqw wanashuka kutoka Karatu na mbaazi na vitunguu vya Mang'ola. Kimaasai ni Kiniloti, Kiiraqw ni Kikushi, Kirangi changu ni Kibantu, na ukienda mwendo wa saa chache hadi Ziwa Eyasi unawakuta Wahadzabe wenye sauti za kidoko. Lugha zisizo na undugu kabisa, na zote nne unaweza kuzisikia bila kutoka eneo hili la kaskazini. Mimi ni mwalimu, nimeyafundisha haya ubaoni, lakini kusikia watu wanapatana bei ya kitunguu ni kitu kingine.

Kwa Wamakonde wachonga vinyago ndipo nilipokaa muda mrefu. Wamejenga vibanda chini ya miti, wametoka Mtwara, wengine wazee wao walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Fundi amekaa chini, gogo amelibana kwa nyayo, anagonga patasi kwa nyundo ya mti, tap tap, bila haraka. Mpingo ukiukata nje ni mweupe kama maziwa ya unga na ndani ni mweusi tii, na yeye anauacha weupe kidogo kwenye kingo ili uone mti ulivyokuwa. Akimaliza anasugua kwa msasa, kisha kiwi ya viatu na kitambaa. Alitutolea kinyago cha ujamaa, nguzo ya watu waliobebana mabegani kutoka chini hadi juu, na mwanangu mdogo akaanza kuwahesabu kwa kidole akapotea kila alipozunguka upande wa pili. Wanafunzi wake wawili wa siku ile: mmoja Mwiraqw, mmoja Mmaasai. Nilimuuliza kama haoni vibaya kuwapa kazi ya kwao. Akasema, "Mama, mti haujui mkono wa nani." Nikanunua bakuli dogo. Ila duka jingine la vinyago, la kando ya barabara kuu, walitukaba hasa, mtoto akashikishwa kitu mkononi tuambiwe tulipe. Mkipelekwa dukani badala ya kwenye vibanda, kataeni.

Kwa mama wa Kichaga tulionyeshwa mbege, pombe ya ndizi, inavyotengenezwa: ndizi zimechemshwa hadi zikawa nyekundu, ulezi ulioota na kusagwa, na gome la msesewe la kutia uchungu, linalotoka Moshi. Ulezi ule, alisema, ananunua wa Kondoa. Sitaficha kwamba nilifurahi kama mtoto. Mume wangu akapewa kibuyu, na mama aliposikia ni Mpare akaanza utani wa ubahili palepale, naye akajibu mapigo. Hawakuwa wamejuana dakika kumi.

Chakula cha mchana kilikuwa nyumbani kwa mama Muha wa Kigoma: wali wa mpunga wa palepale, migebuka mikavu (samaki wa Ziwa Tanganyika) iliyoungwa kwa mawese, mchicha, na ndizi nyekundu za kumalizia. Migebuka ilikuwa na chumvi nyingi kidogo kwa watoto. Mawese anakamua mwenyewe, ana michikichi minne nyuma ya nyumba, mbegu alikuja nazo. Wali ule nimeuota mara mbili tangu nirudi.

Ya kujiandaa: viatu vinavyoweza kuloa, kofia, dawa ya mbu (jina la mji halidanganyi), na noti ndogondogo. Anzeni saa mbili asubuhi, maana kufika saa sita jua la bonde ni kali na watoto wanachoka. Choo kipo kwenye chakula cha mchana tu. Kwa mtoto chini ya miaka sita naona ni mwendo mrefu.

Kwenye daftari la binti yangu, ukurasa wa Mto wa Mbu una mistari 17, na chini yake kaandika "Sisi:", akaweka Mpare, Mrangi, Msambaa, kwa wino uleule. Sijamwambia afute wala aongeze.