Huduma ya Kituo Chetu cha Kupigia Kura Ujiji: Makosa Yalivyoshughulikiwa
Katika Uchaguzi Mkuu wa tarehe 28 Oktoba 2020 nilipiga kura katika kituo kimoja hapa Ujiji, na ninachokisifu kuliko yote ni namna msimamizi wa kituo alivyoshughulikia kosa langu. Mkono ulinitetemeka, alama ya vema ikaangukia katikati ya majina mawili kwenye karatasi ya ubunge. Nilipomrudishia kabla ya kuitumbukiza sandukuni, aliandika juu yake kuwa imeharibika, akaiweka kando kwa ajili ya hesabu ya jioni, kisha akanipa nyingine bila kuniuliza nilimkusudia nani. Wengi hawajui kwamba wana haki hiyo, na tangazo la kuwaeleza halikuwepo ukutani, jambo lililonisikitisha.

Foleni ndiyo iliyosimamiwa vibaya: ilipotimu saa 10 jioni mlinzi alianza kuwarudisha nyumbani akina mama waliokuwa bado mstarini, ilhali utaratibu unamruhusu kila aliyekwisha kupanga mstari muda huo apige kura. Msimamizi alitoka mwenyewe, akasimama nyuma ya bibi wa mwisho, na wote wakapiga. Usiku fomu namba 21B, yenye matokeo ya ubunge, ilibandikwa mlangoni, tukaisoma kwa mwanga wa simu.