Yamaha PSR-E373 mikononi mwa mwalimu wa kwaya wa Kilutheri

Katika sharika nyingi za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku Nyanda za Juu Kusini, anayepiga kinanda Jumapili ndiye anayeshika chaki Jumatatu. Jioni yuko na kwaya, asubuhi ya ibada yuko kwenye liturujia, na ibada ya pili huenda ikawa mtaa mwingine, kinanda kikisafiri kwa bodaboda. Kazi hii ni ya siku nyingi katika Ulutheri. Johann Sebastian Bach mwenyewe, tangu 1723 hadi alipofariki 1750, alikuwa kantori wa Leipzig, akifundisha muziki wavulana wa shule na kuandaa muziki wa ibada. Chombo cha mtumishi wa namna hiyo kinatakiwa kiwe chepesi, kivumilie umeme wetu na kibebe tenzi za kusanyiko. Kinanda cha Yamaha PSR-E373 kinafaulu vizuri kwa wepesi, na kwa hayo mawili mengine kinafaulu ukikijua.

Uzito wake ni kilo 4.6, kii 61 za ukubwa wa kawaida, zinazopokea nguvu ya kidole. Kii hizo ni nyepesi, za springi, kwa hiyo aliyezoea piano ataona kidole kinateleza. Kwa tenzi za sauti nne upana unatosha: besi inashuka hadi Do ya chini kabisa bila kubanana na teno. Ndani zimo sauti 622, lakini mwalimu atatumia nne au tano tu: piano ya kufundishia, ogani mbili za kanisani, na sauti ya nyuzi (kama fidla) ya kuweka chini ya kwaya. Ukichagua ogani, ingia kwenye mpangilio wa mguso uweke usiobadilika. Ogani haiongezi sauti kwa kubonyezwa kwa nguvu. Ukiacha mguso wa kawaida, alto inayopigwa na kidole dhaifu inapotea na wimbo unasikika una pengo katikati.

Midundo 205 iliyomo iache kwa ajili ya pambio. Kwenye tenzi haifai. Kusanyiko huvuta pumzi mwisho wa kila mstari, wazee husubiriana, na mashine haimsubiri mtu. Ubeti wa pili haujaisha, ngoma imeshatangulia na mpiga kinanda anaikimbiza. Piga kwa mikono miwili, inua vidole pale watu wanapopumua, na kusanyiko litakufuata lenyewe.

Kitufe cha kuhamisha kii ya wimbo (transpose), yaani kuupandisha au kuushusha kwa nusu sauti, ndicho kinachompendeza mwalimu wa solfa (do, re, mi). Wimbo ukiandikwa Do ni A flati, wenye flati nne, ucheze kwenye G na uhamishe juu kwa 1. Ibada ya asubuhi baridini koo bado nzito, wimbo wa Do ni D ucheze D ileile na ushushe kwa 2, utasikika C. Kosa linalotokea sana ni kuisahau namba hiyo: wimbo unaofuata unaanza, tarumbeta zinaingia na kinanda kiko nusu sauti pembeni. Itazame namba hiyo kabla ya kila utangulizi.

Sasa jambo ambalo limewaaibisha wapiga kinanda wengi pasipo kosa lao. Kinanda hiki kimetoka kiwandani kikiwa kimepangwa kujizima baada ya dakika 30 bila kuguswa. Mahubiri yakivuka nusu saa, mchungaji anasema "Amina", mwalimu anabonyeza, kimya. Akikiwasha upya, ogani aliyoichagua haipo tena, kimerudi kwenye piano. Dawa yake ni rahisi: kizime, shikilia kii ya mwisho kushoto, kisha kiwashe huku bado umeishikilia. Fanya hivyo siku ya kwanza kabisa.

Umeme. Adapta yake ni ya volti 12. Adapta za kubahatisha huleta mngurumo kwenye spika, na zenye volti pungufu huzima chombo ukiongeza sauti. Betri ni sita ndogo za AA. Weka za alkali, zote mpya kwa pamoja, na zitoe ukikiweka muda mrefu kwa sababu zikivuja zinakula springi. Usizitegemee zishike nafasi ya umeme ukikatika katikati ya wimbo. Ukichomoa au kuchomeka adapta huku betri zimo, kinanda huweza kuzimika. Kama umeme wa eneo lako ni wa wasiwasi, anza ibada na betri umalize nazo.

Spika za ndani ni wati 2.5 kila upande. Zinatosha mazoezi ya kwaya ya watu ishirini darasani. Kanisa likijaa hazisikiki, lazima uingie kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), na hapa ndipo waya huharibu kazi. Tundu la kutolea sauti ni la hedifoni, lina upande wa kushoto na wa kulia. Ukitumia waya wa jeki ya stereo unaoingia kwenye tundu la maikrofoni la pini tatu, pande hizo mbili zinapingana na ogani inabaki nyembamba, haina kifua. Tafuta waya wenye jeki moja ya stereo unaogawanyika kuwa jeki mbili za mono, uzichomeke kwenye chaneli mbili za laini. Kumbuka pia ukichomeka hapo spika za ndani hunyamaza, kwa hiyo mpigaji anahitaji spika ya kumrudishia sauti.

Pedali ya mguu ya kuendeleza sauti hainunuliwi pamoja na kinanda, FC5 ya Yamaha inafaa. Usiikanyage wakati wa kuwasha, maana kinanda kitaisoma kinyume: ukiachia mguu sauti inabaki, ukikanyaga inakatika. Zima, toa mguu, washa tena. Na kwenye ogani usiitumie kabisa, inachafua maneno ya tenzi.

Asubuhi ya Julai Makete au Njombe, kinanda kilicholala chumba cha baridi kiache ndani ya begi lake hadi kizoee joto la mahali utakapokipigia kabla ya kukiwasha, unyevu ukauke. Kuanzia Agosti adui ni vumbi. Kila kii ina migusano miwili ya mpira chini yake, inayopima kasi ya kidole. Mmoja ukiingia vumbi, noti inalipuka kwa sauti kubwa au inakaa kimya. Fundi hufungua skrubu za chini, hutoa ukanda wa mpira na kupangusa bodi kwa spiriti safi na pamba. Haihitaji kubadilishwa kitu.

E383, toleo linaloifuata, imeshatoka, hivyo E373 nyingi sokoni ni zilizotumika. Iwe soko la Mwanjelwa, Mbeya, au Kariakoo, Dar es Salaam, chagua sauti ya piano, bonyeza kii zote 61 moja moja, kwanza taratibu kisha kwa nguvu, halafu chomeka hedifoni uzungushe jeki. Ikikwaruza, tundu limelegea. Omba bei ishuke au acha.