Seti ya majaribio ya laini ya umeme mkubwa, naipa nyota 4

Nimeitumia hii seti wiki mbili sasa na kiukweli imenielewesha kuliko madaftari yote ya fizikia niliyowahi kukariri. Ndani kuna balbu mbili za volti 12, vinguzo viwili, waya mwembamba wa kuigiza masafa marefu na transfoma mbili. Kwanza unaunga bila transfoma, balbu ya mwanzo inawaka freshi, ya mwisho inabaki nyekundu kama kaa linalozimika, na ukigusa waya una joto, yaani umeme wako umeishia kupasha waya. Alafu unaweka transfoma ya kupandisha huku na ya kushusha kule, volti zinakuwa mara 10, ampea zinashuka mara 10, na kwa vile joto linafuata mraba wa ampea basi hasara kwenye waya inapungua mara 100, balbu ya mwisho inawaka karibu sawa na mwenzake, we acha tu!! Ndo maana laini kubwa zinapitishwa volti laki 4 na zaidi, sio sifa.

Kasoro sasa. Transfoma zinavuma na kupata moto kidogo (nazo zinakula umeme wao), na kijitabu hakisemi wazi kwamba betri haifai, lazima umeme wa AC (ule unaogeuza mwelekeo kila mara, kama wa ukutani) maana transfoma haifanyi kazi na mkondo usiobadilika, mi nilipoteza jioni nzima hapo. Na ule waya wa kati una volti 120, usiushike ukiwa umewasha.