Tundu la mbele au la nyuma? Nimepima sauti ya mazabodi kwa rezista ya omu 33

Mambo vipi wadau. Haka kadude mnakokaona kati ya vidole vyangu ni rezista ya omu 33, yaani kidude cha kubana umeme, na omu ndiyo kipimo cha kubana huko. Nimeinunua Kariakoo, bei yake haifiki hata andazi, na leo ndiyo hakimu wetu.

Kuna mdau aliniuliza: kaka, hedifoni zangu nikichomeka kwenye simu zinapiga vizuri, nikichomeka nyuma ya kompyuta zinanong'ona, na boksi la mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, limeandikwa desibeli 120. Kulikoni? Nikaona nisimjibu kwa maneno, nipime ya kwangu kwanza. Jina la kampuni nimelifunika kwa selotepu kama mnavyoona. Siyo kwamba nawaogopa, ila jambo hili lipo kwenye mazabodi za kampuni nyingi tu, kwa hiyo kumnyooshea mmoja kidole ni uonevu.

Hizo desibeli 120 kwanza. Ni namba ya chipu ya sauti iliyopo kwenye mazabodi. Ukiona mazabodi ina chipu ya Realtek ALC1220, mara nyingi ndiyo namba watakayokuandikia. Inasema tofauti iliyopo kati ya sauti kubwa kabisa na mchakacho wa chini, tena hapo kwenye chipu yenyewe. Sasa kutoka kwenye chipu mpaka sikioni kwako kuna safari: kapasita, rezista, waya, tundu. Safari hiyo haiandikwi kwenye boksi. Kitu ninachokitafuta leo ni ukinzani wa tundu, yaani tundu lenyewe linabana umeme kiasi gani kabla haujafika kwenye hedifoni.

Kupima ni hivi. Nacheza mlio mmoja wa hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, sauti mpaka mwisho, na vikorombwezo vyote vya kunogesha besi nimezima. Kompyuta ikikuuliza umechomeka nini, chagua hedifoni. Na tafadhali, hedifoni zisiwe kichwani! Halafu mita ya kupimia umeme: ile ya njano, DT-830, ambayo kila mmoja wetu anayo nyumbani, leo haifai. Upande wa umeme wa AC inaanzia volti 200. Kuipimia volti moja ni sawa na kupima chumvi ya mboga kwa mzani wa magunia. Nimeazima kwa fundi jirani mita inayosoma milivolti za AC. Na kwa nini hezi 100? Kwa sababu mita nyingi za bei nafuu zimelengwa kwa umeme wa ukutani wa hezi 50. Ukizipandisha mpaka hezi 10,000 zinaanza kudanganya.

Haya, tundu la nyuma, lile la kijani. Bila mzigo, yaani kabla sijachomeka rezista... volti 1.20. Safi kabisa. Sasa nabana rezista yetu ijifanye hedifoni. Angalieni mita. Volti 0.37! Jamani. Theluthi mbili ya volti zimeliwa njiani.

Hesabu yake haina uchawi. Gawanya 1.20 kwa 0.37, toa moja, zidisha kwa 33. Inakuja omu 74. Maana yake kuna rezista ya omu 75 imekaa pale nyuma ya tundu, na haikuwekwa kwa bahati mbaya. Tundu lile limetengenezwa kwa ajili ya spika zenye amplifaya yake, ambazo hazihitaji nguvu yoyote, zinahitaji ishara tu. Rezista inalinda chipu ukichomeka vibaya. Kwa spika hakuna tatizo. Hedifoni ya omu 32 ndiyo inayoumia: inabakiwa na miliwati 4 hivi.

Twende tundu la mbele ya kompyuta. Bila mzigo volti 1.18. Na rezista... 1.11. Haijatikisika! Ukinzani ni omu 2. Nguvu ni miliwati 37. Kompyuta ileile, chipu ileile, wimbo uleule, lakini mbele inaizidi nyuma kwa desibeli 9 na nusu. Kwenye mazabodi yako inaweza kuwa kinyume, au zote zikawa na omu 75, ndiyo maana nasema pima.

Na siyo sauti ndogo tu. Ukinzani wa hedifoni haukai sehemu moja, unapanda na kushuka kufuatana na sauti inayopigwa. Chukua vile visikizio vidogo vya kuingiza ndani ya sikio. Tuseme kwenye besi vina omu 40, kwenye sauti nyembamba vinashuka mpaka 8. Ukivichomeka kwenye tundu la omu 75, besi inaizidi sauti nyembamba kwa desibeli 11 ambazo aliyerekodi wimbo hakuziweka. Taarabu utaisikia kama inapigwa chumba cha pili. Mafundi wa sauti wana kanuni yao: ukinzani wa tundu usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa omu 32, mwisho ni omu 4. Hedifoni za omu 250 au 300 zinavumilia tundu la nyuma, ingawa hizo zinalilia volti zaidi.

Kwa hiyo mbele imeshinda? Subirini. Vaa visikizio, usicheze chochote, sogeza mausi. Mnasikia? Zzz, zzz. Mita haiioni kelele hiyo, kwa hiyo nimeingiza tundu la mbele kwenye kadi ya kurekodia, iko kwenye laptopu inayotumia betri ili umeme wa ukutani usituletee mngurumo wake, na nimefungua REW, programu ya bure ya kupimia sauti. Tazameni hiyo miiba kwenye grafu: hezi 1000, 2000, 3000, imepangana kama meno ya kitana. Hiyo ni USB, inagonga hodi kila milisekunde moja. Nikafungua kompyuta nikakuta waya wa sauti ya mbele umelazwa chini ya kadi ya grafiksi, umekumbatiana na nyaya za USB. Nimeupitisha pembeni, mbali nazo. Miiba imepungua, haijaisha. Kwa hedifoni kubwa siisikii tena, kwa visikizio bado naisikia usiku.

Mwisho, adapta ya Apple ya USB-C, kile kiwaya cha kuchomekea hedifoni kwenye tundu la USB-C. Bila mzigo volti 0.99, na mzigo 0.96, omu 1, na meno ya kitana sikuyaona. Nguvu inazidiwa kidogo na tundu la mbele, ila kwa visikizio mimi nachomeka hii. Ukiinunua soma namba iliyoandikwa kwenye waya: A2049 ndiyo ya volti moja, A2155 ni ya Ulaya na imebanwa nusu yake. Na kwenye simu nyingi za Android inapiga chini, msije mkanilaumu.

Ukipima ya kwako niandikie hapo chini namba mbili tu, bila mzigo na na mzigo, useme ni tundu lipi. Mita ya watu narudisha kesho asubuhi.